Keti Kwanza, Uhesabu

Somo: Luka 14:28–30, Mwanzo 29:31–35



Somo la wiki hii litawashangaza wengine. Matiti si jambo linalotajwa sana madhabahuni. Lakini swali linaulizwa na watu wetu wenyewe, kwenye ushirika wa kina mama, kwenye ibada ya vijana, na hata pale nje watu wakisubiri matatu: "Pasta, ni dhambi nikiwekwa silikoni?" Tukinyamaza, dada zetu wataenda kuuliza simu. Na simu, ukiichunguza vizuri, mara nyingi iko na kitu cha kuuza.

Wacha niseme mapema. Sina andiko linalosema kwamba vipandikizi vya matiti ni dhambi, na sitatunga lolote. Lakini Paulo, katika 1 Wakorintho 6:12, anatupa maswali mawili yanayozidi hilo la "inaruhusiwa ama hairuhusiwi". Je, jambo hili litanifaa? Na je, litanitawala? Ndiyo maana leo nawaomba tuketi chini tuhesabu, kama Bwana alivyofundisha juu ya yule mtu aliyetaka kujenga mnara.

Kwanza, hesabu gharama yote

Ninyi mnazijua zile nyumba za kando ya barabara zilizokwama kwenye linta, vyuma vimetokeza juu vikishika kutu. Mwenyewe alikuwa na pesa za kuanza. Za kuendelea hakuhesabu. Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa hivi: bei ya kununua kitu na gharama ya kukaa nacho ni hesabu mbili tofauti. Uliza yeyote aliyenunua gari kwa mkopo wa sacco.

Vipandikizi vya silikoni viko hivyo hivyo. Vilianza kuwekwa mwaka wa 1962 huko Houston, Marekani, kwa hivyo madaktari wamekuwa na miaka ya kutosha kujifunza. Mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu, FDA, iliagiza mwaka wa 2021 kwamba vipandikizi viwe na onyo zito, na kwamba mwanamke asomewe orodha ya hatari kabla ya kukubali upasuaji. Moja ya mambo hayo ni kwamba vipandikizi si vitu vya kudumu maisha yote. Kadiri vinavyokaa mwilini ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye upasuaji unavyoongezeka.

Kwa nini? Mwili huzungushia kipandikizi utando wa kovu. Kwa wengine utando huo hukaza, titi likawa gumu na kuuma. Kipandikizi pia chaweza kupasuka bila mwenyewe kujua, maana jeli ya silikoni haitoki haraka kama maji. Kwa sababu hiyo FDA hushauri kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka 5 au 6 baada ya upasuaji, halafu kila miaka 2 au 3. Piga hesabu na mimi: msichana aliyewekwa akiwa na miaka 25, kufikia miaka 50 atakuwa amepimwa kati ya mara 7 na 11. Bima nyingi hazilipii upasuaji wa urembo. Nani atalipa? Je, ni ile zamu yako ya chama? Ni karo ya mtoto?

Kuna na mengine. Kunyonyesha kunaweza kuwa kugumu. Kwenye mamogramu, kipandikizi chaweza kuficha sehemu ya titi, kwa hivyo ni lazima umwambie anayekupima. Na kuna saratani moja adimu ya chembe za kinga ambayo imepatikana kwenye utando unaozunguka vipandikizi, hasa vile vyenye uso wa kukwaruza.

Sisemi haya kuwatisha. Wako wanawake wengi waliowekewa na wanaishi vizuri. Lakini mnara huhesabiwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Na usidanganywe na bei ya chini. Kampuni moja ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse, ilipatikana mwaka wa 2010 ikijaza vipandikizi silikoni ya viwandani ambayo haikuidhinishwa kuwekwa ndani ya mtu. Wanawake wa nchi nyingi walikuwa tayari wanavyo vifuani. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo mwaka wa 2013, lakini kifungo chake hakikumtoa mama yeyote silikoni mwilini. Ukiona tangazo la "ofa ya wiki hii", kimbia. Hapa kwetu, daktari lazima awe na leseni ya baraza la madaktari, KMPDC. Mwulize jina lake kamili, uhakikishe, na umwulize pia: nikipata shida saa nane usiku, nampigia nani?

Pili, hesabu sauti

Ni nani anayekuambia hautoshi? Hapa namkumbuka Lea. Biblia haifichi kwamba dadake Raheli ndiye aliyekuwa mrembo, na kwamba Yakobo alimpenda Raheli zaidi. Angalia anavyosema Lea kila anapojifungua. Kwa Reubeni: sasa mume wangu atanipenda. Kwa Lawi: sasa ataambatana nami. Mwanamke huyu anatumia mwili wake kununua upendo, mtoto baada ya mtoto, na bei inazidi kupanda. Mpaka anapofika mtoto wa nne, Yuda, ndipo haongei tena habari za Yakobo. Anamsifu Bwana, basi. Na ni katika ukoo wa Yuda, mtoto wa yule mke asiyependwa, alikozaliwa Mwokozi wetu.

Dada, kama ni mume amekuambia anaangalia nje kwa sababu ya kifua chako, silikoni haitamrudisha. Mwanamume anayetafuta sababu atapata nyingine. Upasuaji huponya titi. Ugonjwa wa macho ya mume hauko kwenye titi lako.

Na nyinyi ndugu zangu wanaume, msikae mkitikisa vichwa. Someni Mithali 5:18–19. Pale mwanamume anaagizwa atosheke na kifua cha mke wa ujana wake, kwa jina lake hasa, bila kuzungukazunguka. Kifua hicho kimenyonyesha watoto wako. Mara ya mwisho kukisifu ilikuwa lini? Mzaha unaomtania nao mbele ya wageni, yeye analala nao.

Tatu, usihukumu usichokijua

Kuna mama aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, ambayo kwa wanawake wa Kenya ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi. Akitaka kujengewa titi, hesabu yake si sawa na ya anayefuata mtindo. Apewe ukweli wote wa daktari, kisha apewe amani. Akiamua kukaa bila, pia apewe amani. Asiambiwe na mtu wa kanisa hili kwamba imani yake ni ndogo.

Na dada ambaye tayari ameshawekewa, wewe ni wa nyumba hii. Usiache kwenda kupimwa kwa sababu ya aibu. Ukiona uvimbe, maumivu au umbo limebadilika, enda kwa daktari wiki hiyo hiyo. Maombi tutakuombea njiani.

Kwa yule ambaye bado anaamua, usiamue katika wiki ya machozi, wakati umeachwa ama umetukanwa. Ngoja. Ongea na daktari asiyekuuzia. Ongea na mama mmoja unayemwamini. Omba. Kisha jiulize: kama hakuna mtu angeniona tena isipokuwa Mungu, ningeitaka bado? Ukijibu hilo kwa ukweli, uamuzi wako, uwe ndiyo ama hapana, utakuwa wako mbele za Bwana. Na hata ukiamua vipi, damu iliyolipwa kwa ajili yako haipandi bei wala haishuki.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni maneno gani tunayosema kwa mzaha juu ya miili ya wenzetu?
2. Lea alibadilika wapi, na ni nini hakikubadilika katika nyumba yake?

Sala: Baba, tufundishe kuketi na kuhesabu. Ponya walioambiwa hawatoshi, na utusamehe sisi tuliowaambia. Katika jina la Yesu, Amina.