Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo: Bao Dhidi ya Timu Uliyotoka

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii huelekezwa kwa mtu aliyekwisha kupata alichokuwa akikitafuta, kisha akaanza kumdharau aliyemsaidia kukipata. Kwa maana ya juujuu, ni onyo kwa mzazi. Leo umejifungua salama, mtoto analia, uchungu umekwisha. Usimgeukie mkunga kwa maneno machafu, maana mimba nyingine yaweza kuja na mlango wa kubisha hodi ukawa uleule. Watu wa Muleba, mkoani Kagera, hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia hilo. Hospitali za misheni za Rubya na Ndolage zimezalisha vizazi na vizazi wilayani humo, na kijijini mkunga wa jadi ni mtu wa kuamshwa usiku wa manane. Mtu wa namna hiyo hatukanwi hovyo.

Methali nzuri haikai mahali pamoja. Hii imetoka chumba cha uzazi ikaingia shuleni, kazini, kwenye siasa, na siku hizi inasikika hata Kaitaba, uwanja wa nyasi bandia wa mjini Bukoba. Swali lake huko ni hili: mchezaji akiifunga timu iliyomlea, ashangilie au anyamaze? Vijiweni Bukoba, kahawa ya kutafuna ikizunguka, wabishi hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema anyamaze, ainue mikono kama anayeomba radhi, kwa kuwa kula kwao na kuwacheka ni utovu wa adabu. Wapo wanaosema mpira ni kazi, mshahara unatoka klabu ya sasa, na bao ni bao. Kundi la kwanza ndilo hupenda kuitaja methali yetu. Lakini je, wameisoma hadi mwisho?

Kagera Sugar, klabu ya Kaitaba iitwayo Wanankurukumbi, imetupatia mfano ambao kama ungetungwa ungeonekana umetiwa chumvi. Aprili 2017 Simba ilikwenda Kaitaba ikafungwa 2-1. Mabao ya wenyeji yalifungwa na Mbaraka Yusuph na Edward Christopher, wote wawili wakiwa wamewahi kuvaa jezi ya Simba. Mwaka uliofuata, Mei 19, 2018, Kagera Sugar ilisafiri hadi Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Siku hiyo Simba ilikuwa inakabidhiwa kombe lake la kwanza la ligi tangu 2012, Rais John Magufuli akiwa mgeni rasmi, na ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule. Dakika za lala salama Edward Christopher akatikisa nyavu tena. Simba ikapata penalti, Emmanuel Okwi akapiga, na Juma Kaseja akaipangua. Kaseja huyo ndiye aliyekuwa kipa namba moja wa Simba kwa miaka mingi. Mechi ikaisha 1-0. Mfungaji alitoka Msimbazi, makao ya Simba, na aliyezuia bao la kusawazisha naye alitoka Msimbazi.

Mashabiki wa timu iliyofungwa namna hiyo hukimbilia methali nyingine: kikulacho ki nguoni mwako. Hapo wanakosea. Christopher na Kaseja hawakuwa nguoni mwa Simba tena. Nguo hiyo walikuwa wameshaivua, na walikuwa wakifanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Kuwaita wasaliti ni kudai kwamba mtu akishakulia kwako hana ruhusa ya kufanikiwa mbele yako. Hakuna methali ya Kiswahili inayoubariki uchoyo huo.

Turudi kwenye maneno yenyewe. Kinachokatazwa ni tusi. Furaha haikukatazwa popote. Mtoto anapozaliwa, vigelegele hupigwa mkunga akiwa palepale, mikono yake haijakauka maji, na yeye mwenyewe hucheka. Hajatokea mtu akasema kwamba kwa kushangilia mtoto, ndugu wamemtukana mkunga. Kwa hiyo anayeitumia methali hii kumnyamazisha mfungaji anaipa mzigo ambao haikujitwika. Kukimbilia mashabiki wako, kumkumbatia aliyekupa pasi, kusujudu au kufanya ishara ya msalaba, yote hayo ni vigelegele. Tusi ni jambo jingine: kwenda mbele ya jukwaa la timu uliyotoka ukaweka kidole mdomoni, kuikanyaga nembo yao, kuonyesha kwa mikono kwamba walikuwa si kitu.

Sheria za soka nazo zimechora mstari palepale. Sheria ya 12 inamruhusu mchezaji kushangilia bao, ila inamtaka asizidishe. Akivua jezi, akipanda uzio, akifanya ishara za kuudhi au kuchochea, anaonyeshwa kadi ya njano. Sheria haimuulizi mfungaji aliwahi kuchezea wapi. Adabu ndiyo inayomuuliza, na adabu ndiyo shamba la methali.

Emmanuel Adebayor wa Togo aliuvuka mstari huo Septemba 12, 2009. Alikuwa amehamia Manchester City kutoka Arsenal, akaifunga Arsenal, kisha akakimbia uwanja mzima kutoka lango moja hadi jingine kwenda kushangilia mbele ya mashabiki wake wa zamani. Alitozwa faini ya pauni 25,000. Lakini haki ya hadithi hiyo haikamiliki bila kusema kwamba mashabiki hao walikuwa wakimtukana tangu mchezo uanze. Hapo methali inatugeuzia uso wake wa pili. Inamwonya mzazi asitukane wakunga, lakini haikumpa mkunga kibali cha kumtukana mzazi. Klabu inayodai heshima kwa malezi iliyotoa, huku jukwaa lake likimzomea mchezaji kwa rangi yake, kabila lake au mama yake, imejivua ukunga kwa mikono yake.

Sasa nusu ya pili: na uzazi ungalipo. Hii ndiyo sababu ya katazo, na ni sababu ya mtu mwenye kupiga hesabu. Utarudi, usichafue njia ya kurudia. Soka la Tanzania linaithibitisha kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Okwi aliondoka Simba, akapita Yanga, akarudi Simba mwaka 2014, na Machi 8, 2015 akaifunga Yanga bao pekee la mchezo. Baadaye akaenda Denmark, na mwaka 2017 akarejea Msimbazi kwa mara nyingine. Kaseja alitoka Simba akaenda Yanga, akarudi Simba, akaenda Yanga tena, na baada ya kutundika glavu akaonekana Kagera Sugar katika benchi la ufundi. Klabu zenye uwezo wa kulipa vizuri nchini ni chache, na milango yake inajulikana. Anayetukana leo huenda kesho akakaa sebuleni kwa aliowatukana, mkataba mezani, akitafuta pa kuficha macho.

Kama methali ingeishia hapo, ingekuwa somo la ujanja tu: nyenyekea kwa sababu una shida. Ndipo wanafalsafa wa kijiweni huuliza, na swali lao ni zito: je, mwanamke aliyekoma kuzaa anaruhusiwa kumtukana mkunga? Mchezaji anayestaafu mwisho wa msimu, asiyetarajia tena kitu kutoka kwa timu yake ya zamani, afanye atakavyo?

Jibu lilitolewa Old Trafford Aprili 27, 1974. Denis Law, aliyeichezea Manchester United kwa miaka 11 na kuifungia mabao mengi, alikuwa na Manchester City, umri wake miaka 34, mwisho kabisa wa safari yake ya uwanjani. Aliifunga United kwa kisigino, siku ambayo klabu hiyo ilishuka daraja. Matokeo ya viwanja vingine yalikuwa yakiishusha hata bila bao lake. Law hakushangilia, aliinamisha kichwa, akatolewa nje. United haikuwa na cha kumpa tena, wala yeye hakuwa na cha kuogopa kutoka kwao. Uzazi ulikuwa umekwisha, na bado mkunga hakutukanwa.

Hapo ndipo methali inapofikia kina chake. Neno la hofu limewekwa mwishoni kwa ajili ya wale wasioelewa lugha nyingine. Wazee walijua kwamba mtu mwenye shukrani hahitaji kuambiwa kuwa uzazi ungalipo. Anayehitaji kuambiwa ni yule mwenye hesabu tu. Chini ya tahadhari kuna ukweli kuhusu binadamu: hakuna aliyejizalisha. Kila mguu unaofunga leo kuna mtu aliyeufundisha kupiga mpira, kuna kocha aliyeuvumilia ulipokuwa ukikosa, kuna klabu iliyolipa nauli na daktari. Kumtukana mkunga ni kudai kwamba ulijitoa tumboni mwenyewe. Huo ni uongo kabla haujawa utovu wa adabu.

Ukweli huo hata hivyo una mpaka, na mpaka wenyewe umo ndani ya methali. Mkunga hamiliki mtoto. Alipokea, akaosha, akafunga kitovu, akamkabidhi mtoto kwa wenyewe. Klabu iliyomlea mchezaji inastahili kutotukanwa. Haistahili kumpangia sura ya kuvaa baada ya bao. Kunyamaza kwa Law kulikuwa kwa moyo wake, ndiyo maana kunakumbukwa. Kunyamaza kwa kuigiza, kwa kuogopa kamera au kwa kufuata mtindo wa Ulaya, ni unafiki mdogo, tena unawaumiza watu wasio na hatia: wale waliolipa kiingilio Kaitaba, wakapigwa na mvua inayotoka ziwani, kisha mfungaji wao akawaonyesha sura ya msiba. Na yupo mchezaji aliyeachwa bila malipo yake au aliyevunjwa moyo na klabu yake ya kwanza. Methali haimlazimishi kuisifu. Inamwambia tu asitukane.

Pahali methali hii inapobana zaidi ni kwenye ndondo za vijijini. Katika mechi za kata na kata, iwe Kamachumu au kwingineko Muleba, mchezaji mzuri huazimwa na timu ya jirani, akaitwa mamluki, akaifunga timu ya kwao kwa ajili ya zawadi ya mbuzi. Huko hakuna uzio wa kuwatenganisha watu wala basi la kumwondoa mfungaji. Filimbi ikilia, wanapanda njia moja kati ya migomba ileile. Aliowakejeli Jumapili ndio atakaokutana nao sokoni Jumatatu, na siku ya msiba kwao ndio watakaochimba kaburi. Mbele ya mambo hayo mbuzi ni kitu kidogo.

Kagera Sugar ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Wachezaji waliopita mikononi mwake wametawanyika katika klabu mbalimbali, na klabu iliyoanguka ndiyo rahisi kuliko zote kuchekwa. Hukumu yetu basi ni hii: kijana wa Bukoba au Muleba, ukiifunga timu uliyotoka, furahi. Kimbilia wenzako, wape mashabiki wako haki yao, kisha rudi katikati ya uwanja mpira uendelee. Usiende kwenye jukwaa la waliokulea kuwaambia kwamba hawakukufaa. Filimbi ya mwisho ikilia, wape mkono. Na wewe shabiki uliyefungwa na mwanao wa zamani, usimwite msaliti. Kazi ya mkunga ni mtoto atoke mzima akue, na aliyekufunga leo ni ushahidi kwamba kazi hiyo ulishiriki kuifanya vizuri.