Panya Mnene Hana Dhambi

Huku Kisumu mwili wa mtu husomwa kabla hajafungua mdomo. Miaka ya themanini na tisini, mtu akikonda, majirani walinong'ona: ana chira. Chira kwa Wajaluo ni ugonjwa wa kudhoofika unaompata aliyevunja mwiko, kwa hivyo kukonda kwenyewe kulikuwa ushahidi kwamba kuna mtu alikosea. Ukimwi ulipoingia, wengi waliuita chira, na wagonjwa wakazikwa pamoja na lawama zao.

Siku hizi ni zamu ya wanene. Msichana akinenepa, ataambiwa ni mvivu, hajijali, anapenda kula. Mwanamume mwenye kitambi naye anaitwa mdosi. Mwili ni uleule, ila hukumu inategemea anayetazama.

Mimi nataka kumwita shahidi mwingine: panya.

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson kule Maine, Marekani, walipatikana panya wanene kupindukia ambao hawakujua kushiba. Baadaye Douglas Coleman aliwashona panya wawiliwawili ili damu ya mmoja ipite kwa mwenzake. Panya mnene wa aina hiyo alipounganishwa na wa kawaida, alipunguza kula. Hakuna aliyemhubiria. Alipata kitu kwenye damu. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake huko New York wakaipata jeni inayohusika, na homoni yake ikaitwa leptini. Hutengenezwa na mafuta yenyewe, kisha huuambia ubongo: akiba ipo, tosheka. Ubongo nao, kupitia neva, huziamuru seli za mafuta zivunje akiba hiyo.

Utasema hao walizaliwa na kasoro. Kweli, na watu wenye kasoro hiyo ni wachache mno. Basi tazama panya wa kawaida aliyelishwa chakula chenye mafuta mengi mpaka akanenepa. Leptini anayo tele, lakini ubongo wake hauisikii vizuri. Insulini yake imepanda, na kazi mojawapo ya insulini ni kuzuia mafuta yasivunjwe. Adrenalini na noradrenalini, ambazo huamuru yavunjwe, zinaitikiwa kwa unyonge. Mafuta mengine yanavuja kwenye damu muda wote, ila amri ikitoka, haitiiwi inavyotakikana. Na kile chakula kwenye kizimba? Si yeye aliyekichagua.

Lakini mtu si panya, sivyo? Mtu wa Kondele anaweza kuacha chipo na soda, akanunua omena na sukuma. Nakubali, kiasi. Ila kuwajibika ni jambo moja, kuhukumiwa ni lingine. Mwenye mwili anaweza kuwajibika pamoja na daktari wake. Sisi wengine tunahukumu tukiwa ng'ambo ya barabara, bila kujua homoni zake, zamu zake za usiku, wala dawa anazomeza. Watu wawili wanaweza kula samaki na ugali sahani sawa pale Dunga kila wiki, mmoja anenepe, mwingine asinenepe. Huyo wa pili tutamsifu kwa nidhamu ambayo hajawahi kuitumia.

Na hukumu hii ina gharama. Shangazi yangu aliacha kwenda kliniki ya presha kwa sababu kila akifika, alikaripiwa kuhusu uzito kabla hata ya kupimwa. Presha haikumngoja apone aibu.

Kuna deni lingine hapa. Wale panya walishonwa wakiwa hai. Coleman alipomuunganisha panya wa kawaida na wa aina nyingine ya unene, mwenye kisukari, yule wa kawaida aliacha kula mpaka akafa njaa. Sijui kama tulikuwa na haki ya kuwafanyia hivyo. Ninachojua ni kwamba tumeshafanya, na majibu tunayo. Kuendelea kumwita jirani mvivu kwa kumtazama tu ni kuchukua maumivu ya wanyama hao na kuyatupa ziwani.