Asidi Isiyouma Mapema

Mnamo Septemba 27, 2012, katika mji wa Gumi, Korea Kusini, wafanyakazi wa kiwanda cha kemikali walikuwa wakihamisha asidi ya haidrofloriki kutoka kwenye tangi. Vali ikafunguka kimakosa. Asidi hiyo isipochanganywa na maji huchemka kwenye nyuzi joto 19.5 tu, hivyo ilipotoka ikageuka wingu. Zilivuja takriban tani 8. Wafanyakazi hawakuwa na mavazi ya kinga yanayostahili. Watu 5 walikufa, maelfu wakaenda kutibiwa, na mazao ya jirani yakanyauka.

Asidi hiyohiyo, ikiwa imezimuliwa, ndiyo inayoondoa tabaka la oksidi kwenye kisahani cha silikoni wakati wa kutengeneza chipu. Kijana wa chuo cha ufundi anayejifunza kazi hii lazima akutane nayo. Huko Nyeri, Kenya, kiwanda cha semikondakta kipo tayari katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nami ningefurahi kuona vijana wetu wengi zaidi wakiingia katika ufundi huu wakiwa salama.

Ubaya wa asidi hii ni upole wake wa mwanzo. Kwa macho ni maji. Ikiwa nyepesi, tone likipenya kwenye glavu iliyotoboka, mtu anaweza kukaa saa kadhaa bila kusikia maumivu. Anamaliza kazi, anakwenda kula. Kumbe floridi inazama mwilini, inanasa kalsiamu, inafika hadi mfupani. Ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika. Anayeguswa nayo huoshwa papo hapo kwa maji mengi, hupakwa jeli ya kalsiamu glukoneti, kisha hupelekwa hospitali hata kama haumwi.

Haya mwanafunzi anaweza kuyaandika kwenye mtihani akapata alama zote, na bado akavua glavu kwa kushika upande wake wa nje kwa mkono mtupu. Mkono haufundishwi ubaoni.

Wakuu wa vyuo, kabla ya kuagiza mashine, nunueni aproni, ngao za uso, glavu zinazofaa na jeli ya kalsiamu glukoneti. Wanafunzi wafanye hatua zote kwanza kwa maji yaliyotiwa rangi, warudie, hadi mwalimu asione doa hata moja kwenye aproni. Asiyefikia hapo asikabidhiwe asidi, hata kama muhula unakwisha.