Nyumba, Jirani na Israfu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baadu.

Ndugu zangu Waislamu wa pwani, nilikwenda Dongobesh, katika nchi ya Mbulu, kwa wito wa jamaa zetu wafanyao biashara huko, niwasomeshe watoto wao. Nchi ile ni ya juu, na usiku wake una baridi tusiyoizoea sisi. Mwenyeji wangu, naye ni mtu wa pwani, alinilaza katika nyumba yake mpya ya matofali ya saruji, imeezekwa bati tupu bila dari. Mchana tulipata joto la tanuri. Usiku bati lile lile likatutupia baridi hatta meno yakagongana. Akaleta jiko la makaa ndani, akafunga mlango na dirisha. Kabla ya alfajiri niliamka na kichwa kizito, moyo wanichafuka, miguu haina nguvu. Nikafungua mlango, nikamwita mwenyeji wangu asiitike. Nikamburura hatta uani. Alhamdulillahi, hewa ya nje ilimrudishia fahamu.

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, nayo humwua mtu usingizini. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo. Basi asilale mtu na jiko la makaa chumbani, wala asimlaze mgeni wake nalo.

Asubuhi alikuja jirani, mzee wa Kiiraqw, kutujulia hali. Aliposikia khabari yetu akasema, "Mwalimu, baridi hii baba zetu waliizuia kwa udongo." Akatueleza nyumba za kale za Wairaqw: zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la miti likafunikwa udongo likalingana na ardhi ya nyuma yake, na watu walilala humo pamoja na ng'ombe wao. Husimuliwa ya kuwa walijenga hivyo ili wajifiche na adui. Lakini udongo mnene una faida nyingine: huchukua joto la jua polepole mchana, na usiku hulirudisha polepole. Bati halina akiba hiyo.

Hapo nilizikumbuka aya za 80 na 81 za Sura ya An-Nahl, nilizowasomesha wengine miaka mingi. Mola wetu ametutajia humo neema ya nyumba zituliwazo, na vivuli, na maficho ya milimani. Nikajionea haya, kwani njiani nilikuwa nimewacheka watu wa nyumba za udongo.

Na sisi wa pwani tumefanya nini na neema yetu? Wazee wetu wa Unguja na Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari za boriti za mikoko, vyumba virefu kwenda juu, na vichochoro vyembamba ambavyo nyumba moja humtilia kivuli jirani yake. Leo twajenga vyumba vifupi chini ya bati tupu, madirisha upande mmoja, kisha twanunua mashine ya kupoza hewa na kulipia umeme killa mwezi. Kulipa mali ili kuondoa joto tulilolijenga wenyewe, hiyo si israfu? Na wafanyao israfu, Qurani imewaita ndugu wa mashetani, katika Sura ya Al-Israi, aya ya 27.

Tena ardhi yazidi kuwa haba. Katika hesabu ya mwaka 2002 watu wa Zanzibar walikuwa 981,754. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 1,889,773, yaani zaidi ya watu 700 katika killa kilomita mraba 1. Mahali kama hapo, ukuta wangu ndio upepo wa jirani yangu. Imam Nawawi, katika Minhaj tusomayo madrasani, mlango wa sulhu, ameeleza ya kuwa hapana ruhusa kutokeza kitu katika njia ya watu kikawadhuru wapitao. Mwenye kutokeza roshani na ainyanyue hatta mtu apite chini yake amesimama wima. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kudhuru na kudhuriana. Basi azibaye upepo na njia ya mwenziwe asijidai ya kuwa kiwanja ni chake.

Wasia wangu ni mchache. Kibla chetu kiko kaskazini. Mwenye kukijua kibla chake ajua pia pa kuweka madirisha. Yawekwe upande wa kibla na upande wa nyuma yake, upepo wa kaskazi na wa kusi upate kupita, na kuta zielekeazo mashariki na magharibi ziwe fupi, kwani ndizo zipigwazo na jua. Bati litiliwe dari. Kuta zipakwe chokaa nyeupe, na mti upandwe upande wa magharibi. Na ajengaye bara kwenye baridi asiige pwani: atumie kuta nene za udongo. Tofali la kukaushwa kwa jua, au la udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, halili kuni. Tofali la kuchoma hula miti mingi, na miti ndiyo ilindayo chemchemi, kama zile za Msitu wa Nou huko Mbulu na Babati.

Mwenyeji wangu alitia dari kabla sijaondoka, na jiko likatolewa jikoni pa uani. Ewe Mola wetu, zijaalie nyumba zetu ziwe utulivu kwetu na amani kwa majirani zetu, wala usizifanye hoja juu yetu Siku ya Kiyama. Amina. Wabillahi ttaufiki.