Kutoona si Kuthibitisha



Kinundu cha pafu ni doa dogo, lisilozidi milimita 30, ambalo mara nyingi huonekana kwa bahati tu mtu anapopigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine. Vingi si saratani. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wavutaji sigara, wa sasa na wa zamani, zaidi ya majibu 96 katika kila 100 yaliyotia shaka kwenye CT hayakuwa saratani. Kwetu Afrika Mashariki, hata kovu la kifua kikuu huweza kuonekana hivyo.

Shaka ikizidi, daktari hupitisha sindano kifuani akiongozwa na picha za CT, akachukua kinyama kidogo cha kupimwa maabara. Sindano hiyo ina madhara yake: damu inaweza kutoka, au hewa ikavuja na kulibana pafu.

Je, ni haki kumdunga mtu ambaye pengine ni mzima? Mafakihi wametufundisha kuchagua dhara jepesi ili kuepuka zito. Kupasua kifua kwa ajili ya kovu ni dhara zito. Kuiacha saratani ikue ni zito zaidi. Sindano inasimama katikati, kwa sharti kwamba shaka ni ya kweli na mgonjwa ameelezwa akaridhia.

Lakini mtihani mkubwa wa maadili huja baada ya sindano. Maabara ikisema, "Hiki ni kifua kikuu," ugonjwa umepata jina na tiba. Ikisema tu, "Hatukuona chembe za saratani," huenda sindano ilikikosa kinundu. Majibu haya mawili hayalingani. Daktari anayeyatamka yote kwa neno moja, "Huna kitu," amempa mgonjwa faraja asiyoimiliki.

Wengine watasema: asili ni uzima, na yakini haiondolewi na shaka. Kanuni ni sahihi, ila hiki si wasiwasi wa moyoni. Ni kitu kilichoonekana. Amana inamtaka daktari aseme, "Sijaona saratani, lakini sijathibitisha, turudie picha au kipimo." Nayo tawakkul inamtaka mgonjwa arudi siku aliyopangiwa.

Nawe unayesomea udaktari, sheria au uhandisi, kesho utaulizwa na mtu mwenye hofu. Usimfariji kwa usichokijua.

Wabillahi tawfiq.