Mvua ya Juu, Maafa ya Chini

Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2012, kikundi cha vijana wa kanisa moja la Nairobi kilishuka katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Walikuja kutembea, kama wanavyokuja watu wengi kila mwisho wa juma. Maji yakawakuta mle ndani, na saba kati yao wakapoteza maisha. Miaka saba baadaye, Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yakashuka katika korongo lilelile na kuua watu saba wengine. Miongoni mwao alikuwamo mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza wageni.

Nakisimulia kisa hiki kwa heshima ya waliofariki. Kuingia korongoni siku ambayo mvua inanyesha kwingine ni kosa ambalo hata mtu makini anaweza kulifanya, kwa sababu macho yake mwenyewe yanamwambia kwamba hali ni shwari. Ndiyo maana funzo lake linapaswa kurudiwa, tena kwa undani, kwa kila anayependa kutembea milimani na mabondeni mwetu.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Anayetoka Nairobi na kuteremka kwenye Bonde la Ufa huukuta Mlima Longonot umesimama peke yake kwenye uwanda, ukiwa na kimo cha mita 2,776. Ni mlima wa volkano, na masimulizi ya Wamaasai yanaeleza kuwa ulitoa moto katika karne ya 19. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni mwendo wa kilomita tatu na kitu, na anayetaka kuuzunguka ukingo wote huongeza kilomita saba hivi. Udongo wake ni majivu na mawe mepesi ya volkano. Mguu huzama, vumbi hutimka, na kandokando ya njia kuna mifereji mirefu iliyochimbwa na maji ya mvua. Mtembeaji anayeitazama mifereji hiyo kwa makini ameshapata somo la kwanza: ardhi hii huliachia tope lake upesi, na mvua ikinyesha kwa nguvu, maji hayangoji kunywewa na udongo.

Ukifika ukingoni na kutazama magharibi, unaiona nchi yote kwa pamoja. Kule ni Ziwa Naivasha. Huku ni vilima vya Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Kati ya Longonot na Olkaria kuna majabali mekundu ya Hell's Gate, mbuga iliyotengwa mwaka 1984 na inayopendwa kwa sababu mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na nyati. Ndani ya majabali hayo ndimo limo korongo.

Korongo la Ol Njorowa halikuchimbwa na upepo. Zamani za kale, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, likafurika na kumwaga maji yake upande wa kusini. Maji hayo ndiyo yaliyokata miamba laini ya majivu ya volkano na kuacha mpasuko wenye kuta ndefu. Leo ziwa halina mto unaotoka juu ya ardhi kwenda popote, na siku nyingi za mwaka sakafu ya korongo ina vijito vyembamba tu, vingine vya moto kutoka kwenye chemchemi zinazochuruzika ukutani. Mgeni hupita humo akiona kwamba ni njia ya watu. Lakini wahenga walisema maji hufuata mkondo, na mkondo ni huu huu anaoukanyaga. Watu tumeazima njia hiyo siku za ukavu. Mwenyewe akirudi, hapigi hodi.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Fikiria paa la mabati la shule. Tone linaloanguka kwenye bati moja ni dogo, lakini matone ya paa zima hukusanyika na kutokea kwenye mfereji mmoja pembeni, na anayesimama chini ya mfereji hulowa kuliko aliye uwanjani. Miteremko na nyanda zilizo juu ya korongo ndizo paa, na korongo ndilo mfereji. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya kilomita moja tu ya mraba, maji yaliyoanguka ni mita za ujazo 30,000, yaani tani 30,000. Hata kama nusu yake itanywewa na udongo, inayobaki inatafuta njia ya kwenda chini, na njia hiyo, penye wembamba wake, ina upana wa hatua chache. Maji yanayofika magotini yakienda kwa kasi humwangusha mtu mzima mwenye afya. Ya korongoni huja na matope, mawe na magogo.

Sasa mtazame mtembeaji aliye chini. Kuta zimempanda kulia na kushoto, na anga aliyobakiwa nayo ni ukanda mwembamba juu ya kichwa. Sisi sote tumefunzwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni ya kweli, ila humfaa mtu anayeyaona mawingu. Aliye korongoni haoni upeo. Wingu jeusi linaweza kuwa limeshaangusha mzigo wake kilomita kadhaa kutoka alipo, huku yeye akipigwa na jua na kupiga picha. Mvua za Bonde la Ufa mara nyingi huwa hivyo: kijiji hiki kinaloa, cha jirani kinapepeta mahindi juani. Mvua inayomuua mtu korongoni si lazima imguse kichwani.

Wala si Naivasha peke yake. Tarehe 12 Agosti 1997, huko Arizona nchini Marekani, watembeaji kumi na mmoja walikufa katika korongo jembamba liitwalo Antelope Canyon. Mvua iliyowaua ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu, na pale walipokuwa haikuwa ya kutisha. Bara jingine, miamba mingine, kisa kilekile. Hii ni kanuni ya makorongo yote, yakiwemo yale madogo yasiyo na jina huko kwetu Usambara, Uluguru, Kerio au Rwenzori.

Tarehe za Ol Njorowa nazo zina la kutufunza. Aprili ni katikati ya masika, na mtu angeweza kusema kwamba dawa ni kuepuka masika tu. Lakini msiba wa pili ulitokea Septemba, mwezi ambao katika kalenda zetu hauhesabiwi kuwa wa masika wala wa vuli. Anayetegemea majina ya misimu peke yake anaitegemea desturi ya mvua, na mvua haikuweka ahadi na mtu. Kinachopaswa kuulizwa ni hali ya leo: je, tangu jana kumenyesha juu? Je, mchana huu mawingu yanajikusanya upande gani?

Hata hivyo, maarifa ya maji pekee hayatoshi, kwa maana kinachowasukuma watu korongoni mara nyingi ni haraka. Sote tunazijua safari zetu za vikundi. Basi limepangwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, linaondoka saa tatu. Njiani kuna kusimama kununua vitafunio, na langoni kuna foleni ya malipo. Baiskeli zinakodishwa, picha zinapigwa kwenye jabali la Fischer, na kikundi kinafika korongoni saa nane au saa tisa alasiri. Hizo ndizo saa ambazo joto la mchana limekwisha kuinua mvuke na mawingu yanaanza kujenga minara. Kila dakika iliyopotea asubuhi inalipwa kwa hatari alasiri. Na mtu akisema twende nyumbani, anajibiwa kwamba nauli imelipwa, kiingilio kimelipwa, na wengine walikuja kwa ajili ya korongo tu. Fedha iliyokwisha kutumika inageuka kuwa sababu ya kuhatarisha kile ambacho fedha haiwezi kukirudisha.

Lipo pia suala la mwenyeji. Vijana wa jamii zinazoishi jirani na mbuga hufanya kazi ya kuwaongoza wageni, nao wanazijua kona za korongo kuliko sisi. Kwa wengi wao, siku isiyo na wageni ni siku isiyo na unga. Kikundi chenye pesa kikimwambia kijana kama huyo, "Twende kidogo tu, ndugu yangu, tumetoka mbali," kinamweka kwenye mizani isiyo ya haki, kwani upande mmoja upo uzoefu wake na upande wa pili ipo sufuria ya nyumbani. Mwenyeji aliyekufa mwaka 2019 anatufunza kwamba kulijua korongo hakumzuilii mtu maji. Kwa hiyo, neno "hapana" la mwenyeji liheshimiwe, na alipwe siku hiyo kama vile mmeshuka. Malipo ya kuambiwa msishuke ndiyo malipo yenye thamani kuliko yote mtakayotoa safarini.

Basi tufanyeje? Kutembea tusiache. Nchi hii ni yetu, na mtu asiyeikanyaga kwa mguu hawezi kuijua wala kuitetea. Ila tuikanyage kwa adabu yake.

Kabla ya siku ya safari, tazameni utabiri wa eneo zima la juu na wala si wa mji mnaolala. Mkipata nafasi, pandeni Longonot kwanza, siku moja kabla, mkaone jinsi ardhi ilivyolala na maji yanavyoelekea. Aliyekwisha kuiona nchi kutoka juu hatadanganywa na utulivu wa chini. Korongoni ingieni asubuhi, na mwe mmetoka kabla jua halijaanza kuinama. Waulizeni askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) kuhusu mvua ya jana na ya leo, na wakifunga njia, msitafute kipenyo cha pembeni. Kikundi kikiwa kikubwa, kigawanyeni, maana watu hamsini kwenye mlango mwembamba hutoka kwa kusongamana, na maji hayasubiri zamu.

Mkiwa ndani, kila mnapopita ulizaneni: "Hapa tukilazimika kupanda, tutapandia wapi?" Angalieni mahali penye kutokea na mpakumbuke. Yatazameni maji ya miguuni. Kijito kilichokuwa safi kikigeuka rangi ya tope, vijiti na majani makavu vikianza kuelea, upepo wa baridi ukipita ghafla, au mngurumo ukisikika nyuma ya kona kama wa lori mlimani, muda wa kujadili umekwisha. Pandeni juu hapo hapo mlipo. Msikimbie kuelekea chini kwa mkondo, kwa sababu maji yanakwenda njia hiyo hiyo na yana mbio kuliko nyinyi. Mkoba uacheni, viatu viacheni, simu iacheni. Mkiisha kupanda, kaeni huko, hata maji yakionekana kupungua, kwani wimbi la pili laweza kufuata la kwanza.

Na viongozi wa vikundi, nyinyi walimu, wazee wa kanisa, makatibu wa vyama na wenye kupanga safari za kazini, mzigo mkubwa uko mabegani mwenu. Kijana wa miaka kumi na minane anashuka kwa sababu mmemwambia kuko salama. Mzazi wake amempa ruhusa kwa kuliamini jina lenu. Hiyo ni amana, na amana haichezewi kwa kuona haya mbele ya watu watakaonung'unika ndani ya basi. Manung'uniko yataisha mkifika Mai Mahiu, njiani kurudi Nairobi. Msiba hauishi.

Kwa hiyo jambo la mwisho ni hili, na ni dogo kwa gharama: kabla basi halijawashwa, mteueni mtu mmoja na kumpa mamlaka ya kusema "Turudi." Asiwe lazima mkubwa wa umri wala mwenye cheo. Awe mtulivu na mwenye kuangalia. Kubalianeni mbele ya wote kwamba akilitamka neno hilo, hakuna kupiga kura, hakuna kumcheka, na hakuna kumkumbusha kiingilio kilicholipwa. Atakosea mara nyingi, na mtarudi nyumbani mvua isinyeshe. Mshukuruni siku hizo zote, maana akiogopa lawama leo, siku ambayo maji yatakuja kweli atanyamaza.