Msimsingizie Mungu, Kinga Mliivua Wenyewe

Nasema nanyi wenye karakana za kuchomelea vyuma, mafundi wa mageti na madirisha, maseremala, na nyinyi wateja mnaosimama pembeni mkihimiza kazi iishe leo leo. Fundi akipofuka jicho mnasema ni mipango ya Mungu. Dogo akikatwa vidole mnachangishana nauli ya kumfikisha hospitali, mnatikisa vichwa, mnasema kila kazi ina mitihani yake. Kesho yake mashine ile ile inawashwa, ikiwa vile vile, mikononi mwa dogo mwingine. Acheni kumsingizia Mungu. Si yeye aliyefungua skrubu ya kinga kwenye grainda.

Grainda ilipotoka dukani ilikuwaje? Ilikuwa na kinga ya chuma inayofunika nusu ya jiwe la kukatia. Ilikuwa na mkono wa pembeni, wa kushikia kwa mkono wa pili. Ilikuwa na karatasi ya maelekezo, ikatupwa pamoja na boksi. Ule mkono wa pembeni ukaondolewa kwa kuwa ulisumbua kwenye kona. Na kinga ikavuliwa kwa sababu ambayo kila fundi anaijua lakini haisemi mbele ya mteja: ili jiwe kubwa liingie kwenye mashine ndogo.

Hapo ndipo lilipo kosa lenyewe, na hapo sitapita haraka. Grainda ndogo, ya inchi nne na nusu, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ile kubwa ya inchi tisa huzunguka kama mara 6,600 tu. Waliozitengeneza walijua wanachofanya. Jiwe likiwa pana, ukingo wake husafiri mwendo mrefu zaidi kwa kila mzunguko, ndiyo maana mashine kubwa ikapunguzwa mizunguko ili ukingo usizidi mita 80 kwa sekunde. Hiyo peke yake ni kilomita 288 kwa saa. Lakini tundu la katikati ni lile lile kwa mawe yote mawili, milimita 22 na kidogo, kwa hiyo ukishavua kinga jiwe la inchi tisa linakaa sawasawa kwenye mashine ndogo, na fundi anajiona mjanja. Pigeni hesabu. Jiwe la inchi tisa kwa mizunguko 11,000, ukingo unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Na jiwe hilo ni nini? Ni chengachenga ngumu zilizogandishwa kwa gundi juu ya wavu wa nyuzi. Siku likipasuka, vipande vinaondoka na kasi yote ile, na penye kinga sasa pana shingo ya mtu.

Najua jibu lenu. Mnasema hamfungi jiwe jipya, mnafunga lililokwisha kulika kwenye mashine kubwa, limebaki dogo, ni hasara kulitupa. Jiwe hilo limekwisha kubanwa, limeangushwa sakafuni, pengine limelala nje likanyeshewa. Namba ya kasi iliyoandikwa juu yake haikubadilika kwa kuwa jiwe limepungua. Na kwenye ile ringi ya chuma katikati imegongwa tarehe ya mwisho ya kulitumia, maana gundi ile nayo huchoka. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuisoma? Jiwe jipya la saizi yake ni pesa ndogo kuliko soda mnazonunuliana mchana, na kwa ajili ya pesa hiyo mnaweka rehani uso wa mtoto wa mwenzenu.

Wako maseremala waliovuka hata hapo. Wanafunga msumeno wa duara wenye meno kwenye grainda ndogo isiyo na kinga, wanapasulia mbao kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika ubao. Jiwe likibanwa linaweza kuvunjika. Meno hayavunjiki kirahisi. Yakikutana na kifundo cha mti yanakamata, na mashine inaruka kumfuata aliyeishika, kwenye paja au tumboni, kabla hajapata wasaa wa kuachia swichi. Na swichi yenyewe wengine wameifunga kwa mpira ili isiwachoshe kidole.

Pita Gerezani pale Dar es Salaam, au kwenye karakana za jua kali Nairobi, uangalie macho ya vijana. Kijana amechuchumaa juu ya nondo, miguuni ana ndala, cheche zinampiga kifuani, na jicho moja amelifumba. Miwani yake ya kazi ni kufumba jicho. Mwingine amevaa miwani ya jua aliyonunua kwa machinga, inayovunjika kwa kuikalia, anaamini ndiyo itakayozuia kipande cha jiwe. Chuma kikiingia jichoni haendi hospitali. Anamwita mwenzake, mwenzake anamgeuza kope, anakitafuta chuma kwa kijiti cha kiberiti au kwa ncha ya fulana yenye mafuta, hapo hapo juani. Wakikipata wanacheka, kazi inaendelea. Hawajui kwamba chuma kile huanza kushika kutu ndani ya jicho siku hiyo hiyo, kwamba kutu hubaki hata chuma kikitoka, na kwamba kovu likikaa mbele ya mboni kijana ataona ukungu maisha yake yote. Nyinyi mnaowaongoza mnajua. Mmeyaona kwa wenzenu waliokuwa mafundi hodari, leo wanalinda mageti waliyoyatengeneza.

Nanyi mnaokata mapipa. Pipa lililokuwa na petroli au tina ya rangi linaitwa tupu kwa sababu halimwagi kitu. Ndani limejaa mvuke, na mvuke huo unangoja cheche moja. Mnaiingiza kwa grainda.

Mtaniambia ajali haina kinga. Mashine hii ilikuwa nayo, na ninyi mmeitupa chini ya meza.

Neno zito kuliko yote linamhusu yule dogo, saidia fundi. Hana mkataba, hana bima, halipwi ila hela ya kula, na anaambiwa anajifunza. Anajifunza nini? Anajifunza kwa kuwaangalia. Akiomba miwani mnamwambia asijifanye daktari. Akishtuka mashine inaporuka mnamcheka, mnamwita mama. Hivyo woga wenye akili mnaung'oa, mnapanda ujasiri wa kijinga mahali pake, na siku akiumia mnasema alikuwa mzembe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inakataza kumpa aliye chini ya miaka 18 kazi hatarishi, hata kwenye sehemu zisizo rasmi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye kazi azibe sehemu hatari za mashine na kuwapa watu wake vifaa vya kujikinga. Kenya wana yao ya mwaka 2007, inayosema hayo hayo. Kibanda cha mabati chini ya mwembe hakikusamehewa. Mwajiri ni yeye anayemwambia mtu shika hii, kata pale.

Na wewe mteja usijifiche nyuma ya fundi. Ulipokataa bei ya mwenye vifaa ukaenda kwa asiye navyo, ulijua ulichopunguza. Uliposema geti liwe tayari kabla ya Ijumaa, uliona kijana anakata bila kinga, ukasogea pembeni ili cheche zisikuchome wewe.

Basi fanyeni hivi, kesho asubuhi kabla ya plagi kuingia ukutani. Itafuteni kinga mlikoitupa, muirudishe, na jiwe lisiloingia ndani yake lisifungwe. Rudisheni mkono wa pembeni, mikono miwili ikamate mashine. Shikilieni bomba kwa jiliwa, lile pande linalokatwa liachwe lianguke, ili mwanya ufunguke badala ya kulibana jiwe. Simameni pembeni ya njia ya jiwe, msikae mbele yake. Mkizima, ngojeni lisimame kabisa kabla ya kuiweka mashine chini, maana huendelea kuzunguka sekunde kadhaa baada ya swichi. Nunueni miwani ya kazi kwa kila aliye karakana, pamoja na yule anayeshika tu ncha ya nondo. Na wewe mwenye karakana, mashine ambayo kinga yake imepotea ifungie kabatini mpaka upate nyingine, hata kama mteja amesimama mlangoni anahesabu pesa.